Mbuzi Kumi na Saba Wapitia Eastleigh Kwenda Ayalandi

Jumamosi ya kwanza ya Juni 1984, saa tatu asubuhi, foleni ya maji kwa ploti ya Haji Abdurahim, Eastleigh Section Three, ilikuwa imefika hadi mlango wa choo. Mfereji ulikuwa unatoa maji membamba kama uzi. Perez wa chumba nambari nane, mchapaji wa ofisi moja huko mjini, alikuwa amesimama na ndoo mbili na rola kichwani. Nyuma yake alikuwa Obura wa reli na karai lake, macho mekundu, ametoka kazini alfajiri na hataki kingine ila aoge alale. Na katikati ya ua Qali alikuwa anabomoa nyumba yake.

Hayo hayakuwa maneno mapya. Qali alikuwa amelipia chumba nambari saba lakini chumbani aliweka magunia na jiko tu. Yeye mwenyewe alilala kwa aqal, ile nyumba ya fito zilizopindwa, mikeka na ngozi ambayo Wasomali wa ngamia wanahama nayo, na alikuwa ameisimamisha pale uani kati ya kamba za nguo na mfereji. Kwao nyumba ni ya mwanamke. Anaisimamisha mwenyewe, anaibomoa mwenyewe, anaipakia mwenyewe juu ya ngamia, na mwanamume akithubutu kumwambia mlango uangalie wapi, amemtukana. Kwa hivyo alipokuja Nairobi kutibiwa macho, juu ya lori la mbuzi, alikuja na macho yake na nyumba yake. Haji hakuona shida. Alisema bora chumba kimelipwa, mpangaji akitaka kulala juu ya mti ni shauri yake.

Kila mwezi ukiandama Qali aliibomoa na kuisimamisha tena uani hapo hapo, pengine hatua mbili kutoka pale ilipokuwa.

"Mama Saado, si ungeiacha tu?" Perez alimuuliza siku moja.

"Nyumba ikikaa mahali moja sana, dada, inasahau kazi yake."

Qali alitaka kitu kimoja tu, na ploti nzima ilikijua, hata watoto: kurudi kwa watu wake. Mama yake Jawahir na binti yake Saado, msichana wa miaka saba, walikuwa wanahama na mifugo kaskazini, mbali ng'ambo ya Garissa. Macho yalipona kwa miezi minne. Kurudi sasa kulikuwa kumechukua miaka miwili. Kwenye barabara ya kaskazini kulikuwa na gogo limelazwa, na penye gogo walikuwa askari wanaotaka kipande, yaani kitambulisho. Ofisi ya vipande ilitaka barua ya chifu, na barua ya chifu lazima iseme unakaa wapi. Chifu wa kwanza alisema watu wa Jawahir ni wa chifu wa pili. Wa pili alisema kwake wanapita tu, waulizwe kwa wa tatu. Wa tatu alisema ndio, aliwaona, ilikuwa mwaka wa sabini na tisa.

Karani wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Kila mara alimkaribisha Qali kiti.

"Mama, nyumbani ni wapi?"

"Section Three. Uani, kati ya mfereji na kamba ya nguo."

"Hapana, mama. Nyumbani nyumbani."

"Nyumba iko moja tu."

Karani anahema, anachukua ile fomu, anairudisha chini ya zingine.

Sasa hiyo Jumamosi upepo ulikuwa umegeuka. Mlango wa aqal haukai kuangalia upepo, kwa hivyo badala ya kuuelekeza kwa mfereji kama kawaida, Qali aliuelekeza kwa ukuta wa stoo ya Haji, ule wa rangi ya kijani. Akafunga fito, akatandaza mikeka, akamaliza na ngozi. Alipoinua pazia la mlango, ukuta wa Haji haukuwepo. Palikuwa na barabara nyembamba, mvua ya kijivu, nyasi ndefu pande zote mbili, farasi wawili, na nyumba ya mbao yenye magurudumu manne inatoa moshi. Mwanamke mwenye koti la kiume alikuwa amekaa kwa ngazi yake akimenya viazi.

Qali akamsalimia. Yule mwanamke naye akasalimia, kisu mkononi.

Nyuma ya aqal, upande wa ua, palikuwa na mkeka mmoja wa kuinua, na baridi ilianza kutokea hapo. Obura ndiye aliyeisikia wa kwanza.

"Jirani, mlango wako unaingiza baridi!"

"Nateremsha mkeka, shemeji."

"Na hiyo harufu ni ya nini?"

"Farasi."

"Ah," Obura akasema, akasogeza karai lake mbele.

Perez aliitwa kwa sababu ya Kiingereza chake. Aliacha ndoo zake kwa foleni, akainama akaingia kwa mkeka wa nyuma na rola zake, akachungulia mvua, akaongea na yule mwanamke kidogo. Akageuka.

"Anaitwa Nonie. Hapa ni Ayalandi. Anauliza kama sisi ni watu wa kaunsili."

"Mwambie hapana."

"Nishamwambia."

"Basi muulize mvua imenyesha wapi."

Ni desturi. Watu wa ngamia wakikutana njiani, kabla ya chai, hata kabla ya majina, wanapeana habari: mvua imenyesha wapi, kisima gani kina maji, nani amehama, nani amezuiliwa. Unatoa habari yote, na unatoa ya kweli. Kumficha habari mtu aliyekuuliza ni aibu kuliko kumwibia, kwa sababu wizi unachukua mnyama mmoja na habari ya uongo inaua kundi zima.

Perez akauliza. Nonie akajibu bila kuacha kumenya.

"Anasema imenyesha hapa," Perez akasema. "Anasema inanyesha hapa tangu azaliwe."

Qali akaketi chini kwa kizingiti. Hiyo ilikuwa habari nzuri, na alitaka kuisikia vizuri.

Nonie naye alikuwa na zake. Watu wake walikuwa wa kuhama, babu na babu, na farasi na magari ya mbao. Mume wake alikuwa fundi wa bati, anatengeneza ndoo na kuziba birika kutoka mji hadi mji, kama wale mafundi wa Shauri Moyo, Perez akaongezea kutoka kwake mwenyewe. Halafu zikaja ndoo za plastiki. Halafu kaunsili ya huko ikaanza kuweka mawe kila mahali walipozoea kupumzika, mawe ya ukubwa wa ng'ombe aliyelala, ili magari yasiingie. Hapa walipo waliwekewa mawe wakiwa ndani. Sasa gari haliwezi kutoka. Mwaka wa tatu huo.

Qali alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie kwetu wanaweka gogo," akasema. "Ya mawe bado hatujaona."

Wakawa marafiki hivyo, wawili hao, Perez akiwa katikati kila Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa. Qali anapitisha chai ya maziwa na iliki, Nonie anapitisha mkate mzito wenye ganda gumu juu na siagi. Nonie alileta blanketi zake zikauke kwa kamba za Section Three, kwa sababu kwao hakuna kitu kinachokauka. Watu wa ploti nao waligundua kwamba mtaro wa kando ya barabara ya Ayalandi haukauki kamwe, na foleni ikahama kutoka kwa mfereji ikaelekea kwa mkeka wa nyuma wa Qali. Maji ya huko ni laini, sabuni inatoa povu upesi. Obura alilalamika tu kwamba ni baridi kama salamu ya mama mkwe.

Walifundishana. Nonie aliuliza ngamia akikataa kuamka unamfanya nini, na Qali akamwonyesha kwa mikono. Nonie naye alitoa sheria ya watu wake: mtu wa serikali akikuuliza kitu, hujui. Akiuliza jina, unampa la mbwa.

"Hata akiuliza mvua?" Qali alishangazwa na hilo, si na lingine.

"Anasema hasa mvua," Perez akatafsiri, na Nonie akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Qali aliona ni aibu kidogo, lakini akasema moyoni kwamba kila watu wana umaskini wao.

Kichwani kwake kulikuwa na jambo lingine. Kama mlango ukiangalia stoo unafika Ayalandi, basi ukiangalia kwingine unaweza kufika kwa Jawahir. Akaanza kugeuza. Kila wiki, siku za kazi, alibomoa na kusimamisha, mlango upande mwingine, na Ijumaa akaurudisha kwa stoo. Ulipoangalia choo, alikuta mchanga mweupe, mahema ya ngozi, na wanaume waliojifunga vitambaa vya buluu usoni wameketi kando ya kisima kilichozungushiwa waya na kufungwa kufuli. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walimpa chai tamu vikombe vitatu. Ulipoangalia geti, alikuta theluji, na watu waliovaa manyoya wamesimama na wanyama kama kongoni wenye pembe za matawi, mbele ya mstari wa bendera ndogo ndogo ambao wanajeshi walikuwa wameuchora juu ya theluji. Waliinua mkono, naye akainua. Ulipoangalia chumba nambari nane, alikuta chumba nambari nane, na Perez anapiga pasi.

Ni Perez aliyeona, Jumapili moja, bado amevaa kofia ya kanisa.

"Mama Saado, wewe hujaona? Huu mlango haukufungulii watu wa kuhama hivi hivi. Unakufungulia wale wamesimamishwa. Huyu mawe, wale waya, wale bendera. Wale bado wanatembea hauwapati."

 Qali akacheka, kicheko chenyewe, ambacho ploti haikuwa imekisikia miaka miwili.

"Basi Hooyo bado anatembea," akasema. Hooyo ni mama.

Tangu siku hiyo aligeuza nyumba kwa moyo mwingine. Anainua pazia akikuta watu asiowajua, anashukuru, anauliza habari kwa mikono, anateremsha. Kila mahali Jawahir hakuwepo palikuwa pazuri.

Mwaka huo, si unakumbuka, ni ule wa yanga. Mvua ya Aprili haikuja, unga mweupe ukaisha madukani, na watu wakala ugali wa manjano uliotoka ng'ambo kwa meli, ukiupika unanuka gunia. Perez alipiga foleni masaa manne kupata pakiti mbili. Kwa redio walisema kaskazini ni kubaya. Qali alizima redio, akaenda kugeuza nyumba.

Alhamisi ya katikati ya Septemba mlango uliangalia chumba cha Haji. Qali akainua pazia. Ilikuwa barabara ya lami, vumbi, vibanda vya magunia na karatasi za nailoni kwa mstari mrefu, na watu wamepanga mitungi wakingojea lori la maji. Jawahir alikuwa ameketi juu ya kitako cha mbao kile kinachofungwa mgongoni mwa ngamia. Ngamia hakuwepo.

Jawahir alimwona binti yake akitoka kwa nyumba ambayo yeye mwenyewe alimsukia. Akamsogezea nafasi aketi. Saado alikuwa amerefuka sana. Alisimama kando akamwangalia Qali kwa heshima, kama mgeni wa watu wengine.

Halafu Jawahir akatoa habari, kwa mpangilio wake. Kisima cha kwanza kilivyokauka. Cha pili. Ngamia thelathini na mmoja, mmoja mmoja kwa jina, na mahali kila mmoja alipolala asiamke. Punda. Ndugu yake, na mahali alipozikwa. Wameambiwa wasitoke hapa barabarani kwa sababu chakula kinapewa anayekutwa, na anayeenda kutafuta malisho hakutwi. Habari kama hizo hazikatizwi. Qali hakukatiza. Jua lilikuwa kichwani Jawahir alipofika mwisho.

"Wamebaki mbuzi kumi na saba," akasema. "Hao ndio miguu yetu. Mvua ikirudi na wao wako hai, tunaanza nao, tunaondoka, na wewe unakuja na nyumba yako tunahama pamoja kama watu. Wakifa, tumekaa hapa."

Qali alikuwa amemshika Saado mkono, na Saado alikuwa anaruhusu.

"Hooyo, kuna nyasi mahali."

"Wapi?"

"Ayalandi. Kando ya barabara tu. Zinafika magotini."

"Nani anachunga hapo?"

"Hakuna mtu."

Jawahir akamtazama sana, jicho moja baada ya lingine.

"Hao madaktari," akasema, "ni kweli walikutibu?"

Mbuzi waliingia Eastleigh siku hiyo hiyo saa nane. Waliingia kwa mlango wa aqal, wakatokea kwa mkeka wa nyuma, mmoja mmoja, mifupa na ngozi, Saado akiwafuata na kijiti. Haji akatoka na kofia yake mkononi.

"Ploti haina ruhusa ya mifugo."

"Wanapita tu, Haji," Qali akasema.

"Wapite basi upande wa ukuta. Hapo kuna maua ya mke wangu."

Maua ya mke wake yalikuwa yameshaliwa. Obura akafungua dirisha, uso umevimba usingizi.

"Sasa ni mbuzi?"

"Kumi na saba, shemeji."

"Na wa kuchoma ni yupi?"

"Shemeji!"

"Nauliza tu. Kwani kuuliza ni vita?" Akafunga dirisha, halafu akafungua tena, akatoa shati lake kwa kamba kabla halijafikiwa.

Wakafungwa kwa vyuma vya kamba za nguo. Qali na mama yake wakabomoa nyumba, wakaigeuza, wakaisimamisha ikiangalia stoo, wanawake wawili mikono minne, kazi ambayo hawakuwa wamefanya pamoja miaka miwili, na hakuna aliyemwambia mwenzake ashike wapi. Ikafika saa kumi na moja. Nonie aliposikia, alisema neno moja tu kwa Perez, aliyekuwa ametoka kazini na viatu vya kisigino: walete.

Mbuzi walisimama kwenye nyasi karibu nusu saa bila kula. Hawakuwa wamewahi kuona jani lisilo na mwiba. Halafu mmoja akajaribu.

Walikaa siku kumi na mbili. Matumbo yakaviringika. Manyoya yakalala vizuri. Siku ya tano watatu wakaanza kutoa maziwa, na watoto wa Nonie wakayanywa kwa chai wakisema yana ladha ya mbuzi. Jawahir alilala kwa aqal na kuamka asubuhi akatembea kuzunguka gari la Nonie, akishika kila gurudumu.

"Mwambie," alimwambia Qali kwa Kisomali, na Qali akamwambia Perez kwa Kiswahili, na Perez akamwambia Nonie kwa Kiingereza, "nyumba yangu haina mguu hata mmoja na imetembea maisha yangu yote. Yake ina magurudumu manne na imesimama."

Nonie alicheka ikabidi aketi kwa ngazi. Kisha akaacha kucheka, akamshika Jawahir goti, na wakakaa hivyo, wanawake wawili wazee kuliko umri wao, wakiangalia mbuzi wakila kando ya barabara ya watu.

Jumamosi ya pili mtu wa kaunsili alikuja. Alivaa koti la mvua na buti za mpira na alipanda juu ya mawe ili aingie. Aliwaangalia mbuzi. Aliiangalia aqal, imesimama pale kwenye matope na jua la Nairobi likitoka mlangoni mwake. Akauliza karatasi za mbuzi ziko wapi.

"Mbuzi gani?" Nonie akasema.

Yule mtu akaonyesha kwa kalamu.

"Nilidhani ni mbwa," Nonie akasema. Akamkazia Qali macho, akamkazia Perez macho. Mume wake akaingia ndani ya gari na kufunga mlango.

Lakini Jawahir alikuwa ameuliza mgeni anasema nini, na Qali alikuwa amemwambia: anauliza wametoka wapi. Jawahir akasimama, akajinyoosha guo. Mtu amepanda mawe kwenye mvua ili kuuliza habari. Akampa. Alimpa yote, kutoka kisima cha kwanza. Qali alitafsiri kila neno, kwa sababu habari ya mama yako huikati. Na Perez alitafsiri kila neno, kwa sababu yeye amekuwa mchapaji miaka kumi na moja, anachapa kilichoandikwa, hajawahi kuruka mstari.

"Mwambie mwaka wa juzi homa ya mapafu ya mbuzi ilipita kwetu," Jawahir akasema, amesimama wima. "Iliua mia mbili. Hawa ni watoto wa wale waliobaki."

Kwa mchungaji hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ni kama kusema shule waliyosoma.

Perez akasita. "Mama Saado. Hii pia niseme?"

"Amesema," Qali akasema.

Perez akasema. Nonie akafumba macho. Yule mtu akaandika, akashukuru kwa Kiingereza kizuri, akapanda mawe akaenda zake.

Jumatatu asubuhi walikuja na lori na mashine. Perez alikuwa ameomba ruhusa kazini, akisema ni mambo ya familia. Mashine iliinua jiwe moja ili lori liingie. Mume wa Nonie alipoona nafasi imefunguka, alienda kumfunga farasi kwa gari, haraka. Akaambiwa aache. Jiwe limeondolewa kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wakapakiwa, na Jawahir akasimama karibu na lori akiwatajia wale vijana jina la kila mmoja anapopandishwa, ili wajue kila mmoja aitwe nani. Mmoja wa wale vijana alijaribu kurudia majina. Kisha jiwe likarudishwa mahali pake.

Waliacha karatasi. Jawahir akampa Perez, na Qali akatafsiri swali lake.

"Inasema watarudi lini?"

Perez aliisoma kimya. Ilikuwa na mistari sita. Ule wa nne ulisema mbuzi watauawa na kuchomwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ya ile homa.

"Inasema wamechukuliwa," Perez akasema, "na kwamba wewe ndiye mwenyewe." Hapo ndipo aliruka mstari. Alirudi Section Three akakaa kitandani na viatu, na hakupika.

Jawahir alingoja wiki mbili na nusu akiuliza kila asubuhi. Halafu hakuuliza tena. Alirudi kwa barabara ya lami na Saado, kwa sababu kulikuwa na kuhesabiwa watu, na asiyekutwa hapati.

Huko kwa barabara mambo yalienda haraka. Vibanda vya magunia vilibomolewa na nyumba za mabati zikajengwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja na nambari ya rangi nyeupe mlangoni. Jawahir akapewa B 44. Mahali penyewe pakapewa jina, na jina likapewa chifu, na chifu mpya alikuwa mtu mchangamfu ambaye aliandika barua bila hata kuombwa mara mbili: Jawahir, nyumba B 44, mkazi wa kudumu, pamoja na binti yake Qali.

Karani wa ofisi ya vipande alisimama alipoisoma. Alikuwa amefurahi kabisa.

"Sasa, mama! Si ni kitu kidogo tu kilikuwa kinahitajika?"

Kipande kilitoka Novemba. Ploti ilisherehekea. Perez alipika chapati, Haji akatoa soda, Obura akakishika kile kipande kwa ncha za vidole akasema picha imetoka vizuri, anafanana na mtu wa kuheshimiwa. Qali sasa angeweza kupita penye lile gogo siku yoyote, kwenda au kurudi. Aliuliza kama anaweza kusimamisha aqal yake kando ya B 44. Aliambiwa hapana, inaharibu mstari. Kwa hivyo nyumba ikabaki uani Section Three, na yeye akawa anapitia mlangoni mwake kwenda kumwona mtoto, kwa sababu ni karibu kuliko basi.

Mvua ilinyesha kaskazini wiki hiyo hiyo.

Jumamosi Jawahir alikuja Eastleigh na Saado, wakageuza nyumba, wakainua pazia, na Nonie akawa pale na birika. Waliketi kwa kizingiti wote watano, Saado magotini mwa mama yake, Perez katikati. Chai ikamiminwa. Jawahir akatoa habari, kwa mpangilio wake.

Imenyesha siku nne, usiku na mchana. Kisima cha ukoo wa Bile kimejaa mpaka mdomo. Bonde lote la mashariki limeota majani, maji yamesimama hata kwenye mawe, na njia ya zamani iko wazi, hakuna tope la kumzuia mnyama.

Qali akatafsiri, Perez akatafsiri. Nonie akaitikia kwa kichwa, akangoja. Alikuwa ameshaijua desturi. Baada ya habari ya mvua inafuata habari ya kuhama: nani ameondoka, lini, ameelekea wapi.

Jawahir aliangalia chai yake.

"Muulize yeye," akasema. "Kwao imenyesha?"

Perez akamuuliza.

Imenyesha.